Mwalimu Shomari na Tangi la Maji ya Bahari

Hii nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa, na sasa naisukuma kwako. Usiniulize ilitokea mji gani. Isome kwanza, halafu kama una mwenzio hapo nyumbani, mpe simu asome naye.

Katika mji mmoja wa bara, mbali kabisa na pwani, aliishi mwalimu aliyeitwa Shomari. Alifundisha historia, lakini watu hawakumjulia kwenye historia. Walimjulia kwenye ndoa. Mke na mume wakigombana, hata kama ni wa mtaa wa pili, wanapelekwa kwa Mwalimu Shomari. Wanakaa barazani kwake, mmoja kanuna huku, mwingine kanuna kule, naye anaanza kumwaga maneno. Na maneno alikuwa nayo, usifanye mchezo. Chai ikiisha, wale wawili wameshaanza kuchekeana, wanaondoka wameongozana. Ndoa nyingi za mtaa ule zilikuwa zimesimama kwa sababu ya ulimi wake.

Mkewe aliitwa Mwanahawa, mtu wa pwani. Alipoolewa bara, alichokikosa si nazi wala samaki, maana hivyo vinaletwa sokoni. Alikosa bahari yenyewe. Basi kaka yake, ambaye kazi yake ni kufuga samaki wa mapambo, akamletea tangi kubwa la kioo, akalijaza maji ya bahari, akapanga humo mawe na matumbawe hai, akatia na viumbe wake. Tangi likakaa sebuleni, pale ambapo wenzao huweka kabati la vyombo.

Wageni walikuwa wakiingia wanaduwaa. Kulikuwa na mnyama laini kama ua, amejishikiza kwenye jiwe, minyiri yake inapunga polepole, na katikati ya minyiri ile wanalala samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mnyama yule huchoma kila kinachomgusa, ila wale wawili hawachomi, wanakwenda kwake kama watoto kwa mama yao. Kulikuwa na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, anayepanda kioo kwa mikono yake mitano. Kulikuwa na jongoo bahari anayekula mchanga kutwa nzima, na kamba mwembamba mwenye masharubu marefu ambaye kazi yake ni kuwasafisha samaki mwilini. Walikuwapo wageni waliouliza vitu hivyo vinaliwa lini. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuvielewa. Alikuwa akipita pale kama mtu anayepita kwenye cherehani isiyo yake.

Mwaka wa tatu wa ndoa yao Mwanahawa akashika mimba. Ikafika miezi mitano, ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Wakamzika asubuhi, watu wakaja, watu wakaondoka.

Mwalimu naye aliumia, tusimwonee. Ila maumivu yake yalitokea mdomoni. Mke akikaa kimya, mume anamweleza faida za subira. Mke akilia, mume anamhadithia habari za mwanamke fulani aliyepoteza watatu na baadaye akajaliwa wanne. Mke akisukuma sahani pembeni, mume anamwambia kwamba huzuni ikizidi inageuka kuwa makosa mbele ya Mungu. Alikuwa anafanya hayo yote kwa mapenzi, wallahi, na alishangaa sana kuona kadiri anavyomliwaza ndivyo mkewe anavyozidi kunyong'onyea.

Siku moja akarudi kutoka shuleni akakuta begi mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Nimekukosea nini, Mwanahawa?"

Mwanahawa akafunga zipu ya begi. "Hata nikikwambia, utanijibu," akasema.

Basi Mwalimu akaanza. Akasema juu ya ahadi, akasema juu ya vishawishi vya hasira, akasema juu ya majirani watakavyosema. Mwanahawa akamwacha mpaka akamaliza, kisha akaelekeza mkono sebuleni.

"Hao kwenye tangi hawasikii hotuba," akasema. "Nitunzie. Ukiweza kumtunza kiumbe asiyesikia maneno, nitajua naweza kurudi. Wakifa, usinifuate tena."

"Ni hilo tu?" Mwalimu akauliza. "Hilo najua. Kapumzike."

Hakujua. Lakini mtu akishasema anajua, nani atamfundisha? Mkewe akanyanyua begi lake, akaenda.

Sasa, kwetu mke akirudi kwao kwa hasira, mume hamfuati kichwakichwa. Anatafuta watu wazima, anabeba kanga na sukari, wanakwenda kumsemea. Mwalimu akamchukua rafiki yake Mfaume, mtu mzima mwenye kauli nzuri, wakapanda basi mpaka pwani. Mama mkwe, Bi Kidawa, akawapokea kwa heshima zote na kahawa na visheti. Mwanahawa akakaa upande wa pili wa pazia, kama desturi ilivyo.

Mfaume akasema, akasema vizuri. Mwalimu akasema, akasema vizuri zaidi. Walipomaliza, Mfaume akauliza kwa upole, "Binti yetu, umetusikia?"

"Nimewasikia."

"Basi unasemaje?"

Bi Kidawa akawaongezea kahawa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, Mwalimu akashuka ufukweni na madumu, akayajaza maji ya bahari. Alikuwa ameona kwamba tangi linapungua. Juu yake kulikuwa na taa inayowaka mchana kutwa, ndani kulikuwa na pampu inayotoa mapovu, na bara kule jua si la mchezo. Kila siku maji yalishuka kidogo. Hesabu yake ikawa nyepesi: ni maji ya bahari yanayopungua, basi niongeze maji ya bahari. Wewe ungefanya nini? Nami ningefanya hivyo hivyo.

Akafika, akamimina. Maji yakarudi pale yalipokuwa, safi kabisa, akajipongeza. Yakashuka tena, akamimina tena. Akawa analisha kwa wakati, anafuta kioo, anazima na kuwasha taa kama mkewe alivyokuwa akifanya. Halafu asubuhi moja akamkuta kamba mwenye masharubu amelala ubavu chini, hatikisiki.

Mwalimu akaduwaa. Akajiuliza amekosea wapi, akaona hakuna. Alimlisha, alimwekea maji ya kwao, maji halisi ya bahari aliyoyabeba mwenyewe mpaka mgongo ukamuuma. Mgeni gani anayekufa kwa kupewa chakula cha kwao?

Akaona dawa ya yote mawili, tangi na mke, ni kuongeza juhudi. Safari ya pili wakaenda watu watano, akiwamo shangazi yake anayejulikana kwa mawaidha. Kanga zikawa doti tatu. Maneno yakaanza adhuhuri yakafika alasiri. Nyuma ya pazia Mwanahawa akasema amesikia, na zaidi ya hapo hakusema. Mwalimu akarudi na madumu mengi kuliko ya mwanzo, mpaka kondakta akamuuliza kama bahari imeuzwa.

Na alipomimina yale, mambo yakazidi kuharibika. Kiti cha pweza akateleza kutoka kwenye kioo, akaanguka mchangani amelegea kama kitambaa, na hakunyanyuka tena. Matumbawe yakajifunga. Yule mnyama laini kama ua akajikunja, akawa kidonge kidogo cha nyama, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wakawa wanahangaika juu yake, hawana pa kulala.

Mfaume akaja kutazama. Akainama, akakuna ndevu, akatoa hukumu.

"Hawa ni wa chumvi," akasema. "Huku kwetu hata hewa haina chumvi. Wamepungukiwa."

"Unafikiri?"

"Si nafikiri. Ni jambo lililo wazi."

Wakatia konzi ya chumvi. Nakwambia mtu mzima, msomi, akatia konzi ya chumvi ndani ya maji ya bahari, na mwenzake amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali. Kesho yake jongoo bahari akawa ametapika matumbo yake yote mchangani.

Mwalimu Shomari hakuwahi kuchanganyikiwa namna ile. Watu walikuwa bado wanakuja barazani na magomvi yao, anayatatua, wanaondoka wanamshukuru, kisha anaingia ndani na kusimama mbele ya tangi bila kujua la kufanya. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mganga hajigangi. Safari ya tatu akaenda na imamu wa mtaa na karibu nusu ya baraza lake, watu wakajaa kwa Bi Kidawa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Jibu likawa lile lile. Akarudi na madumu. Na siku ile, akimimina, akajikuta anawauliza wale samaki wawili kwa sauti, "Nimewakosea nini?" Akasikia aibu, akatazama nyuma kama kuna mtu amemsikia. Alikuwa anaogopa. Wale wawili na mnyama wao wakifa, hana mke.

Jumapili moja alikuwa anapika mchuzi wa nyama. Alikuwa amejifunza kupika kwa shida, hana budi. Ametia chumvi kijiko kimoja tu, ameonja, ameridhika, ndipo wakaja mume na mke wenye ugomvi wao. Akapunguza moto, akatoka barazani. Ugomvi ulikuwa mgumu, maneno yakawa mengi, na alipokumbuka sufuria mchuzi ulikuwa umenywea umebaki chini. Akaonja kwa kijiko. Ulikuwa chumvi tupu.

Akatoka mpaka mlangoni, kijiko mkononi. "Nani ametia chumvi kwenye sufuria yangu?"

Wale wawili, ambao tangu wafike walikuwa hawajatazamana, wakatazamana. Kisha yule mwanamke akacheka mpaka akashika mbavu, na mumewe naye akashindwa kujizuia.

"Hakuna aliyetia, Mwalimu," yule mwanamke akasema. "Maji yameondoka, chumvi imebaki. Tia maji."

Mwalimu akarudi jikoni, akachota maji kwa kikombe, akayaelekeza kwenye sufuria. Hakuyamimina. Akasimama vile vile, kikombe hewani, wale wageni wakidhani amepatwa na kitu. Kisha akaweka kikombe chini, akaenda sebuleni, akainua kifuniko cha tangi. Pembeni mwa kioo, kwenye mpaka wa juu wa maji, kulikuwa na ukoko mweupe. Alikuwa ameufuta mara nyingi akidhani ni vumbi. Akachovya kidole, akalamba. Maji yalikuwa makali kiasi cha kuchoma ulimi, hakuna bahari yenye maji kama yale.

Kila siku jua na taa viliondoa maji matupu. Chumvi haikuondoka hata chembe. Na kila alipoongeza maji ya bahari aliongeza chumvi juu ya chumvi. Viumbe wale walikuwa wanakufa kwa kile kile alichokuwa anawaletea kwa mapenzi, kwa gharama na kwa mgongo unaouma.

Wale wageni hawakumaliziwa ugomvi wao. Waliondoka wenyewe wakicheka, na nasikia walipatana njiani.

Nje kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Mwalimu akachota kikombe, na hapo akasita, maana kumtilia kiumbe wa bahari maji ya mvua kulionekana kama kumwua kwa mkono wako. Akili inamwambia tia, roho inamwambia usitie. Akatia kidogo. Akakaa kwenye kiti, akatazama. Baadaye akatia kidogo tena. Alifanya hivyo siku nyingi, polepole, na ajabu ni kwamba kazi ile haikutaka neno hata moja. Ilitaka mtu akae pale atazame. Siku moja alipotoka shuleni akamkuta yule mnyama amefunguka, minyiri yote inapunga, na samaki wawili wamelala katikati yake.

Mwalimu Shomari akakaa sakafuni. Hakuwa anawaza samaki. Alikuwa anawaza pazia la Bi Kidawa, na watu wawili, kisha watano, kisha waliojaa mpaka kwenye ngazi.

Alipokuwa anajitayarisha kwa safari, Mfaume akamwuliza, "Mara hii tunakwenda wangapi?"

"Mimi."

"Na nani atasema?"

"Sijui, Mfaume."

Mfaume alimjua miaka mingi na hakuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Akamsindikiza mpaka kituo cha basi, njia nzima anamtazama kwa wasiwasi.

Bi Kidawa alipofungua mlango alitazama nyuma ya mkwewe, akatafuta wazee, hakuwaona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzio wako wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

Bi Kidawa hakujua adabu ya jambo lile, maana halikuwa na desturi yake. Akamkalisha, akaingia ndani, na baada ya kitambo akatoka Mwanahawa. Hakukaa nyuma ya pazia, kwa kuwa hapakuwa na wazee wa kuwaficha uso. Akakaa kwenye mkeka mbele yake. Akanyoosha kanga magotini, akangoja hotuba.

Mwalimu alikuwa nayo. Ilikuwa imepanda mpaka kooni, nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Akaimeza. Wakakaa. Kuku wa Bi Kidawa akaingia sebuleni, akazunguka, akatoka.

"Wako hai?" Mwanahawa akauliza mwishowe.

"Wawili wako hai, na mnyama wao. Kamba amekufa, na kiti cha pweza, na jongoo. Matumbawe mengine sijui kama yatapona." Akatazama mkeka. "Niliwaua mimi. Nilikuwa nawaongezea chumvi."

Mwanahawa akangoja sababu, akangoja mfano, akangoja mahali ambapo kosa lile lingegeuka kuwa la mtu mwingine. Hapakuwa na kitu. Mume wake alikuwa amekaa tu, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Mkewe akakunja pindo la kanga yake kwenye kidole.

"Nilikuwa nimempa jina," Mwanahawa akasema. "Yule mtoto. Tangu alipoanza kucheza tumboni. Nilitaka kukwambia siku ile ya maziko, na kesho yake, na siku zote zile. Kila nikifungua mdomo, unanifariji."

Mwalimu aliwahi kuziokoa ndoa nyingi, na hii ilikuwa yake mwenyewe. Aliona wazi jinsi alivyokaa na mwanamke huyu nyumba moja, akamhubiria msiba wao kutoka upande huu na upande ule, na hakuwahi hata mara moja kumwuliza.

"Jina gani?" akauliza.

"Sudi."

"Sudi," akasema Mwalimu. Akataka kulirudia, akashindwa. Machozi yale yaliyokuwa yamekaa kimya tangu siku ya maziko yakamtoka yote, mbele ya mke wake, nyumbani kwa wakwe zake, mchana kweupe. Na Mwanahawa, ambaye alikuwa amelia peke yake muda wote ule, akasogea kwenye mkeka, akalia naye.

Bi Kidawa akaja na sinia la kahawa, akawakuta vile, akarudi nalo jikoni. Alipotoka tena alikuwa amebeba begi la bintiye. Akaliweka karibu na mlango.

"Nani amelifunga hilo?" Mwalimu akauliza, anafuta uso. "Mimi ndiyo kwanza nimefika."

"Amelifunga mwenyewe," Bi Kidawa akasema. "Tangu ile siku ya kwanza mlipokuja na Mfaume. Alisema ukimwuliza swali moja tu, anaondoka na wewe. Mimi kazi yangu imekuwa kulipangusa vumbi."

Funzo: Kabla hujamwongezea mwenzio, muulize kilichompungukia, wengi tunawaumiza tunaowapenda kwa kuwamiminia tulicho nacho tele, na kumbe walichokihitaji ni kusikilizwa.